Kobe wa Marui

Maneromango,
13 Desemba 1974

Kaka Mfaume,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tumbi, wewe na wifi Mwanakheri. Sisi huku hatujambo, ila mama goti linamsumbua tangu mvua za vuli zianze.

Barua yako nimeipata. Umesema wanafunzi wako watawasomea wageni wa shule habari za kobe wetu wa msitu wa Marui, kama nilivyokuandikia kila Ijumaa. Nilifurahi, kisha nikakumbuka yote niliyokuandikia.

Ya mwanzo ni kweli tupu. Nilimwona akila uyoga na majongoo kwenye majani yaliyooza. Nilimwona akifunga gamba lake la nyuma kama mlango, nguchiro akahangaika weee, akaondoka na njaa yake. Kiangazi alipojifukia nilidhani amekufa, nawe ukaniandikia kwamba amelala tu, nisimchokonoe.

Lakini zile barua saba za mwisho zisisomwe. Niliposema kobe wa msituni anapenda ukoko na maganda ya papai, futa. Niliposema haogopi kuku, futa pia.

Kaka, nilimchokonoa. Siku lori lilipokuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, mama akipakia kinu na vyungu, mimi nilikimbilia msituni nikamfukua usingizini, nikamfunga kwenye kanga, nikampakata njia nzima. Mama aliponiuliza nilimjibu kwamba ni kazi uliyonipa wewe, kwamba Marui itakuwa mbali na sitaweza kumchunguza. Nilimdanganya. Niliogopa kuhama, kaka. Nilitaka kitu kimoja cha kule kije nami, na huyo ndiye pekee asiyeweza kukataa.

Tangu mvua zimwamshe, kila asubuhi tunamkuta kwenye ua wa makuti, upande wa Marui, anakwangua. Namrudisha jikoni, kesho yuko palepale.

Wageni wako usiwadanganye kwa ajili yangu. Nigombeze utakavyo, nimestahili. Kesho alfajiri nitambeba kwa miguu hadi msituni, nimweke nilipomfukua. Halafu nitarudi huku peke yangu, maana huku ndiko kwetu sasa.

Wifi umpe salamu zangu nyingi, na mama anakuombea dua kila swala.

Ni mimi mdogo wako,
Biasha