Kiti Changu cha Kazi na Kitanda cha Mama Mkwe

Lemara, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza umeipokea huku umenuna. Sisi huku ni wazima, ila baridi inatutesa. Mlima Meru umejifunika mawingu siku nyingi sasa, na maji ya kuoga ni lazima yachemshwe. Vipi miguu yako? Ile dawa ya kuchua niliyompa binamu Saidi ilifika, au aliishia kujichua mwenyewe njiani? Na kuku wako wamepona kideri? Hamisi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, kaa vizuri, maana leo nina mengi.

Saidi amerudi Arusha na salamu zako. Salamu gani hizo, Mama! Anasema uliposikia kwamba nimemfungia mama mkwe mlango, uliweka kikombe chini ukasema, "Huyo si Zaituni niliyemzaa mimi." Nimelia, sikufichi. Halafu nikapandwa na hasira, kwa sababu Saidi alilala kwangu usiku mmoja tu, akala wali wangu, akabeba habari nusu mpaka Tabora. Sasa isikilize yote. Ukimaliza, kama bado una la kunisema, niseme, nitalipokea.

Unajua kiwanda chetu kilipouzwa kwa mwekezaji tulipunguzwa kazi karibu wote, na sisi makarani ndio tulioanza, eti kompyuta moja inafanya kazi ya wanawake wanne. Nikakaa nyumbani nauza vitumbua, ukanitumia maneno kwamba Mungu hamtupi mja wake. Kweli hakunitupa. Yule mama wa Kipare aliyekuwa bosi wangu amehamia Dar es Salaam na kufungua ofisi yake. Kuna watafiti wanakwenda vijijini kuwahoji wazee, wanawauliza walilimaje, waliishije, na hili soko huria limewakutaje, na yote wanayarekodi kwenye kaseti. Kisha lazima apatikane mtu wa kuzisikiliza na kuandika kila neno. Akakumbuka kasi ya vidole vyangu. Kaseti zinakuja kwa basi, naandika kwenye kompyuta, narudisha kaseti pamoja na disketi kwa basi hilohilo. Bosi yuko Dar, mimi niko Lemara, na mkono unakwenda kinywani.

Lakini kazi ya namna hii inataka mahali pake. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na chumba cha pili ni cha wageni, humo ndimo Asha wangu analala akirudi likizo kutoka bweni. Nikazungumza na Baba Asha, akakubali. Nikakifungua kitanda cha wageni, mbao zake nikaziweka stoo kwa jirani yangu Mama Neema. Fundi seremala akaniletea meza ndefu kwenda juu kama kaunta ya baa; nilichapa siku mbili mabega yakawaka moto, nikamrudishia akaikata miguu. Nikapata kompyuta ya mtumba, na stabilaiza, maana umeme wa huku unaruka kama panzi, na betri ya kunipa nafasi ya kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Kiti cha kuzunguka nilikipata kwenye mnada wa vitu vya kiwanda. Wallahi, Mama, kilikuwa kilekile nilichokuwa nakalia kazini! Nilikijua kwa doa la wino. Nilikibeba kichwani mpaka nyumbani, na sikuona aibu hata kidogo.

Bosi ndiye aliyeniletea mashine ya kaseti. Inakanyagwa kwa mguu kama cherehani, ukikanyaga inasema, ukiachia inanyamaza. Akaniletea na hedifoni, yale makubwa yanayofunika masikio yote mawili.

Ofisi ikawa tayari, lakini nani aamini kwamba ni ofisi? Hapa mtaani mwanamke akionekana nyumbani mchana, basi hana kazi. "Zaituni, niangalizie maharage, nakimbia sokoni mara moja." "Zaituni, fundi bomba akija mpokee." Mama Neema, Mmeru wa watu, mkarimu kweli, anakuja na ndizi zake mbichi, anakaa mlangoni kwangu anamenya. Nikimwambia niko kazini, ananijibu, "Wewe endelea tu, mimi naongea peke yangu." Nitaendeleaje? Mzee wa Singida kwenye kaseti anasema katika sikio hili, Mama Neema anasema katika lile. Nikajaribu kuvaa sketi ya ofisini na viatu vya kisigino humo humo ndani. Wakaniuliza natoka harusi ya nani.

Mwisho hedifoni ndiyo ikawa mlango wangu. Nikiivaa sisikii kitu. Watakuja, wataita, watachoka, watakwenda zao. Na nilifurahi, Mama, nisikudanganye. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa na mahali ambapo hakuna anayeniita.

Siku hiyo mama mkwe alikuja kwa miguu kutoka Daraja Mbili, na hakuwa ametuma neno kwamba anakuja. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hodi ni tatu, ukikosa jibu unageuza, na mwenye nyumba usimkasirikie. Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akageuza. Lakini njia ya kurudi getini inapita dirishani kwangu, na pazia lilikuwa limeachia pembeni. Akaniona nimekaa, madude yamenijaa masikioni, mguu unakanyaga, kichwa kinatikisika. Ungekuwa wewe ungesemaje? Alisema moyoni mwake kwamba mkwe wake anasikiliza muziki na kucheza, na yeye anaita mlangoni kama mpita njia.

Mama Neema ndiye aliyenipa habari jioni. Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuingia kunishtua?"

"Nilidhani mmegombana," akasema. "Mambo ya wakwe mimi siingii."

Baba Asha aliporudi na lori lake alikuwa ameshasikia. Hakuvua hata viatu. "Mama yangu amegeuzwa mlangoni pangu? Hiyo mitambo irudi Dar." Nikamjibu vibaya, unanijua ulimi wangu. Nikamwambia mitambo haina kosa, mimi sina kosa, mwenye kosa ni pazia. Akalala sebuleni. Mimi nikabaki natazama dari, na kila nilivyopima niliona nitapoteza kimoja, kazi au nyumba yangu.

Kesho yake nikajitanda, nikabeba sukari na majani ya chai, nikaenda Daraja Mbili. Alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitoa vikombe vya maua, vile vya kabatini, akanikaribisha kwenye kiti, mimi ambaye siku zote naingia moja kwa moja jikoni kwake. Nikaeleza kaseti, nikaeleza hedifoni, nikaomba radhi. Akasema, "Sina neno, mwanangu." Mama, mkwe akikuambia hana neno, jua maneno yamejaa gunia.

Nikanyanyuka kurudisha kikombe, na chumbani nikaona sanduku lake limefungwa kamba, na sufuria zimefungwa ndani ya shuka. "Mama, unasafiri?"

Akauvuta mlango wa chumba. Kisha akasema, "Nimeambiwa nihame." Mwenye nyumba amefariki, watoto wake wamemuuzia tajiri kiwanja, anataka kujenga maduka ya ghorofa. Wapangaji wote wametakiwa kuondoka.

"Siku ile nilikuja kwako wewe," akasema. "Mwanangu sikumwambia. Nyumba ni ya mwanamke. Nikasema nimuulize Zaituni kwanza kama atanipokea, asije akalazimishwa na mumewe. Uliponyamaza nikasema labda umelala. Nikapita dirishani, nikaona hukulala, na kitanda hakipo. Nikajijibu mwenyewe."

Mwanamke mzima, mama wa mume wangu, ametembea mpaka kwangu kuniomba ruhusa kwa adabu ambayo hata mimi sina, na jibu alilokuta ni meza na kompyuta. Nilishika miguu yake nikalia. Naye akalia. Majani ya chai yakachemka mpaka yakawa machungu.

Kitanda kilirudi jioni hiyohiyo, Mama Neema na mimi tukikigonga kwa jiwe. Meza nikaisukumia chumbani kwetu, katikati ya kabati na kitanda. Baba Asha akasema sasa analala na wake wawili, mmoja ana waya. Alicheka, kwa hiyo nikajua ametulia. Mama mkwe akahamia kwetu.

Na hapo, sikiliza ujinga wangu mwingine. Niligundua kwamba chumba cha mume na mke ndiyo ofisi bora kuliko zote. Mkwe haingii, jirani haingii, hata mlangoni hawasogei. Nikajiona mjanja. Asubuhi nampa chai, najifungia, natoka mchana, namwandalia chakula, najifungia tena. Mama wa watu anafagia uwanja ambao umeshafagiwa, anakaa sebuleni na tasbihi yake. Aliishi miaka na miaka kwenye nyumba ya wapangaji, vyumba vinatazamana, mtu akipiga chafya unamwombea bila kuinuka. Kwangu hapa hata wa kumjibu salamu hana.

Na mimi humo ndani nasikiliza wazee! Nawasikiliza mpaka wanapokohoa, nakohoa nao. Mzee akinyamaza naandika "amenyamaza."

Siku moja nikatoka mbio kumwekea chakula. Akanishika mkono. "Hao wanaokusemesha humo ndani ni akina nani?"

"Ni wazee, Mama, wa vijijini huko."

"Wanasema nini?"

"Maisha yao. Walivyolima, walivyohama, watoto wao walivyokwenda mjini."

Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Na mimi nikitaka unisikilize, nianzie kwenye kaseti?"

Alisema huku anacheka. Mdomo ndio uliocheka.

Sikurudi kazini mchana ule. Nilikaa chini, akanihadithia alivyoletwa Arusha bi harusi kutoka Kondoa, hajui mtu, na mtoto wake wa kwanza aliyemzika kabla ya kumpata Baba Asha. Miaka yote niliyoolewa sikujua kwamba mume wangu alikuwa na kaka. Sikuandika neno hata moja. Kaseti zilichelewa basi, na bosi akanipigia kwa simu ya dukani kuniambia nikichelewa tena, kazi itakwenda kwa mwingine.

Sasa meza iko sebuleni. Hedifoni naiweka sikio moja, lingine liko wazi. Kazi inakwenda polepole, na makosa yameingia. Juzi bosi ameniuliza, "Zaituni, huyu mzee anaeleza habari za mnada wa ng'ombe, halafu katikati anasema chumvi imezidi. Chumvi gani?" Nikakumbuka mama mkwe alionja mboga akiwa nyuma yangu. Tumecheka mpaka machozi, mimi na mama mkwe, bosi hakucheka. Sijui kama atanibakiza. Akiniacha nitaumia, nasema kweli, kwa sababu kazi hii naipenda na nikikaa kwenye kile kiti najiona mtu. Lakini meza hairudi chumbani.

Basi hiyo ndiyo habari yote. Saidi hakuibeba, akija tena huko mwambie nimesema.

Nisalimie baba mdogo anayerina asali, mwambie chupa ya mwisho ilivunjika njiani, asinune, alete nyingine. Nisalimie shangazi mkunga, na wifi yangu mke wa Hamisi, hongera kwa mtoto. Nisalimie na mwalimu wetu wa madrasa, nasikia macho yamemwishia, namwombea. Mama mkwe anakusalimu, na anasema binti uliyemzaa ni wako kweli, mbishi hivyo hakuna mwingine ambaye angemzaa.

Nina ombi moja, Mama. Juzi usiku wa manane, hapana, nadanganya, ilikuwa mchana kweupe, nimekaa kazini naandika maneno ya bibi mmoja nisiyemjua, nikajaribu kukumbuka sauti yako. Nikashindwa. Mara ya mwisho niliisikia kwenye msiba wa Baba, na siku ile ulikuwa umekaukiwa na sauti kwa kulia. Nakupata kwa mwandiko wa Hamisi tu. Kwa hiyo safari hii barua sitaki. Hamisi atafute redio ya kurekodi, aibonyeze, atoke nje akuache. Sema chochote. Nigombeze hata kaseti nzima, pande zote mbili, kisha mpeni dereva wa basi.

Hiyo sitaiandika. Nitaisikiliza tu.

Mwanao mbishi,
Zaituni