Ndege Ikizima, Majani Utaweka Wapi?

Baba Upendo, kamwene.

Nimekusalimu, halafu nikanyamaza kidogo kukupa nafasi ya kuitikia. Mazoea tu.

Huku Makambako baridi imeshika. Tangu tukuzike kule Njombe kwa wazazi wako, mimi nipo tu. Napika, nakula, naenda ibadani. Mchungaji akiomba naitikia amina, ila ni kama anayeitikia ni mtu wa nyumba ya pili. Machozi hayaji. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, maana yeye siwezi kumdanganya.

Nikupe habari za Upendo. Mwanao baada ya mazishi aligoma kurudi Dar es Salaam kwenye chuo chake cha ufundi wa ndege. "Mama, ndege zitatengenezwa na wengine. Wewe utabaki na nani?" Chuo kikapiga simu: asiporudi wiki ile, nafasi anapewa mwingine. Akajifanya hajasikia, akashika vifaa vyako.

Spana zako zote ulizokuwa unazitupa kwenye ndoo, akazitundika ukutani, kila moja akaichorea umbo lake kwa chaki. Ndivyo wanavyofanya kwenye karakana yao. Anasema kule spana moja ikikosekana ukutani hatoki mtu, hata mwalimu, mpaka ionekane, maana huenda imesahauliwa ndani ya injini.

Nikakumbuka ulivyokuwa unamtania. "Lori langu likizima mlimani nakata majani, naweka barabarani, nasubiri msaada. Ndege yako ikizima, majani utaweka wapi, fundi?" Naye, "Ndiyo maana sisi hatuzimi, baba!" Unacheka mpaka unakohoa.

Sasa, spana namba kumi na tatu haikuwepo. Aliacha pengo lake pale ukutani, akapekua ndoo, akapekua uvungu wa kitanda, akazunguka kwa majirani, maana wewe kwa kuazimisha watu hukuwa na hiyana. Hakuna. "Siondoki mpaka ionekane," akasema, na uso wake ukaniambia kwamba hapo si spana tu.

Koti lako zito lilikuwa bado nyuma ya mlango. Hakuna aliyethubutu kuligusa, yeye wala mimi. Nikaingiza mkono mfukoni. Ilikuwemo, baridi kama jiwe la mtoni, umeiviringisha kwenye ile leso yangu uliyoapa hujaiona. Nilidhani hapo nitalia. Wapi. Nikaenda nikaitundika mwenyewe.

"Imeonekana," nikamwambia. "Nenda, fundi."

"Na wewe, mama?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nikamwambia, "Mimi ni lori, mwanangu, si ndege. Mimi naweza kuzima."

Akacheka, halafu akalia, akanilalia begani kama alipokuwa mdogo. Kesho yake nikamsindikiza stendi. Jana kapiga simu, amerudi darasani, anasema mikono inanuka mafuta kama yako.

Basi mume wangu, lala kwa Bwana. Nakuahidi sitamwita arudi, hata nyumba iwe kimya namna gani. Na ile kumi na tatu haiazimwi.

Mimi bado nimezima. Majani nimeshaweka barabarani, nasubiri.

Ni mimi wako,
Mama Upendo