Neno la Siri Lililobaki Kalundu

Alhamisi. Mvua imenyesha toka asubuhi, na barabara yetu hapa Mulongwe imejaa tope la mlimani. Sina furaha wala huzuni. Naandika tu.

Leo nimeenda nyumbani kwa mume wangu wa zamani kuchukua neno la siri.

Simu yangu ilitumbukia ziwani juzi, nikishuka mtumbwini. Ndiyo iliyokuwa inafungua barua pepe zangu. Mimi neno lenyewe nilishalisahau. Na shule ya wakunga ya Bujumbura, nilikoomba nafasi, ilisema itajibu wiki hii. Asiyethibitisha kabla ya Jumamosi, nafasi yake inapewa mwingine. Nilijaribu kuomba neno jipya, ikabidi litumwe kwenye namba niliyoacha kuitumia zamani.

Binamu yangu Patrick, anayetengeneza ordinatere, yaani kompyuta, aliniuliza kama niliwahi kufungua barua hizo kwenye mashine nyingine. Niliwahi. Mashine ya Papa Furaha, tulipokuwa bado tunaishi pamoja Kalundu.

Akanieleza kwamba kivinjari ukikikubalia kuhifadhi neno la siri, hulifungia ndani ya mashine ileile, na ufunguo ni akaunti ya mwenye mashine. Kunakili faili kwenye flash hakusaidii. Lazima mwenyewe aifungue.

Kwa hiyo nikapanda pikipiki.

Tangu tuachane, mimi na Papa Furaha tunaongea mlangoni tu, anapokuja kumchukua binti yetu Furaha wakati wa likizo. Leo mke wake Josephine aliniita yaya, kama dada yake mkubwa, akanipa kiti, akaenda jikoni kuchemsha chai. Papa Furaha akaishusha mashine kabatini, akafuta vumbi kwa mkono wa shati. Ilichelewa kuwaka. Tulingoja.

Akaingia kwenye paramètres, yaani mipangilio, akafungua orodha ya maneno yaliyohifadhiwa. Anwani yangu ilikuwa katikati ya zake. Akabofya kile kijicho cha pembeni, mashine ikadai neno lake yenyewe, akaliandika. Vidoti vikageuka herufi.

Ilikuwa rahisi hivyo.

Nikamwambia, "Kumbe miaka yote hii ungeweza kusoma barua zangu."

Hakunitazama.

"Nilifungua mara moja," akasema. "Ile wakati ya vita, watu walikimbilia Burundi. Simu yako ilikuwa haipiti. Nikaona umeandikia dada yako kama muko wazima, weye na mtoto. Nikafunga."

Kule Burundi, kambini, niliamini hata hakuuliza habari zetu. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia. Nilimwambia na Furaha.

"Sababu gani hukutuandikia?"

"Ningekuambia nimejuaje kama muko wazima?"

Nilingojea hasira ije, haikuja. Nikamwomba alifute neno langu kwenye orodha. Akanigeuzia mashine nilifute mwenyewe, nikalifuta. Josephine akaleta chai, tukaongea habari za mvua, na nyumba iliyobebwa na maji kule chini.

Jioni nimefungua barua kwa Patrick. Nimekubaliwa. Nimethibitisha, kisha nikabadilisha neno la siri, maana kuna mtu mwingine anayelijua, hata kama ni Papa Furaha.

Nimesoma barua ya shule mara mbili. Nilitegemea kurukaruka. Badala yake nilirudi nyuma kwenye barua za wakati ule, nikaikuta ile niliyomwandikia dada. Ni fupi sana. Tuko wazima, tumepata hema, Furaha anakohoa. Papa Furaha alisoma hayo, akafunga.

Furaha ameniuliza baba yake anaendeleaje. Nimemjibu anaendelea vizuri, akarudi kwenye masomo yake. Yupo hapa mbele yangu ninapoandika, na bado anaamini kwamba wakati ule baba yake hakututafuta, kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Namwambiaje sasa? Sijui nianzie wapi. Ila nitamwambia kabla sijavuka kwenda Bujumbura.