Nilinenepa Baada ya Kukuzika

Mama,

Leo nimepanda ile mizani ya kukanyaga kwenye duka la dawa hapa Kisii mjini, mshale ukasimama kilo sitini na moja. Msichana wa duka akapiga makofi. Ananijua tangu nilipokuwa arobaini na sita, mifupa mitupu. "Mama Kwamboka, sasa umekuwa mtu!" akasema. Nikamshukuru, nikavaa viatu haraka kama niliyekutwa nimevaa vya wenyewe. Nilipofika kwenye kiduka changu cha fotokopi nikainama juu ya mashine nikalia, mpaka mteja akaniuliza kama wino umeisha.

Kila kilo ninayoongeza inakuchafulia jina, Mama. Ndiyo maana nakuandikia.

Sisi tuliongea Kikisii, lakini barua hii naiandika kwa Kiswahili cha shule, unisamehe. Kwa Kikisii maneno ya choo na damu hayanitoki mbele yako. Nayasikia kama matusi. Ndiyo chinsoni tuliyolelewa nayo, ile aibu ya heshima, kwamba kuna mambo ya mwili ambayo mke wa mwana hayataji mbele ya wazazi wa mume. Sina ugomvi na chinsoni. Inaweka boma sawa. Ila mimi niliigeuza pango la kujifichia.

Haya, wacha niseme.

Miaka mitano iliyopita nilianza kuhara damu. Si siku moja, si wiki moja. Mara nane, mara kumi kwa siku, tumbo likinisokota hadi nashika ukuta. Nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa amiba tena. Mwanao, kwa vile kazi ya Nyansiongo ilimleta nyumbani mwisho wa mwezi tu, alijua kidogo. Nilimkataza asikwambie. Nilimwambia, siku wazazi wako watajua nahara damu, mimi narudi kwetu Masimba. Akacheka, akidhani natania.

Mjini niliweza. Choo kiko hatua chache kutoka dukani, nikikimbia hakuna anayenihesabia. Lakini kwenu Ekerenyo unajua mwenyewe choo kilipo. Lazima upite mbele ya kiti cha Baba, pale ukutani anapokaa na redio yake tangu asubuhi. Mara moja mtu anaweza kupita akijifanya anaenda kukata majani ya ndizi. Mara kumi je? Mke wa mwana, karatasi mkononi, baba mkwe anatazama? Heri nife. Basi nikajitafutia dawa yangu mwenyewe: nikija kwenu, sili. Tumbo tupu hutulia kidogo.

Na wewe ulikuwa unapika. Ee Mama, ulikuwa unapika! Ugali wa wimbi, na mboga chungu za chinsaga ulizozilaza kwa maziwa siku mbili mpaka uchungu ukaisha, kwa sababu mwaka nilioolewa nilizikomba bakuli zima ukacheka ukauliza, "Mwanangu ameniletea mke ama nzige?" Unaziweka mbele yangu, unafunua, mate yananijaa kinywani. Nami nasema, "Nimeshiba, Mama. Nilikula stendi." Kila mara stendi. Hakuna mtu duniani amewahi kula stendi kama mimi. Wewe unafunika, unasema, "Sawa, omwana one," mwanangu, unabeba chakula unarudi nacho jikoni.

Nilijua maana yake huko kwetu. Nisijifanye mgeni. Mke wa mwana akikataa chakula cha mama mkwe mara moja, anaumwa. Akikikataa mwaka mzima na huku anakonda, watu hawafikirii tumbo, wanafikiria mkono uliopika. Kwanza walisema ni ukimwi, nikaenda nikapimwa, mara tatu, sina. Nikasema hivyo kwa sauti, kwa maana lile sikulionea aibu. Basi wakahamia kwako.

Sasa nakuja kwa lile lenyewe. Unamkumbuka Kemunto, jirani yako wa ng'ambo ya kijito. Siku moja nilikusaidia kupeleka majani ya chai kwenye kituo, tukawa tunangoja lori la kiwanda, wewe ukaenda nyuma kuongea na karani. Sketi yangu ilikuwa imefungwa kwa pini mbili kiunoni. Kemunto akainama sikioni, lakini kwa sauti ya kusikika hadi kwenye vikapu vya mwisho: "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Kwamboka. Si ni chakula cha huyo mama mkwe wako? Tuambie tu."

Wanawake kama kumi hivi wakageuka, wakaniangalia.

Mimi wa mdomo, Mama. Mimi ambaye wateja huniita redio, niliyewahi kumnyamazisha karani mzima kituoni kwa maneno. Neno moja tu lingetosha: Hapana. Hata "wacha upuuzi" ingetosha. Lakini ningesema si chakula chake, wangeuliza, basi ni nini? Na hilo la basi ni nini lilikuwa choo, na damu, na Baba angesikia kabla jua halijazama. Nikatazama chini. Nikavuta leso yangu mabegani nikaikaza. Na katika kule kunyamaza nikahisi, nakuambia ukweli hata kama unanichoma, nikahisi nafuu. Wamepata jibu, wataniacha.

Waliniacha. Wakakushika wewe.

Sabato ile ya chakula cha pamoja kanisani, sufuria zote ziliisha isipokuwa yako. Niliona kwa macho yangu. Watu walikuwa wanafika kwenye meza, wanaona kile kifuniko chako cha bluu, wanaruka. Mchungaji mgeni tu ndiye aliyepakua kijiko kimoja, akaguswa kiwiko na shemasi, akaweka sahani chini. Tulirudi nayo ikiwa imejaa, wewe mbele, mimi nyuma. Njiani ulisimama. Hukugeuka. Ukaniuliza, "Omwana one, kuna kitu nimekukosea?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Ni kazi tu, nimechoka."

Ukasema sawa. Hukuniuliza tena mpaka presha ilipokuchukua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi, kifo kikakuumbua wewe. Maana sikiliza kilichofuata. Wiki tatu baada ya kukuzika nilianguka dukani, nikapelekwa hospitali nikiwa sina damu ya kutosha kusimama. Wakaniingizia kamera ya kuangalia utumbo. Daktari, kijana mpole wa kuniita "mum", akaniambia ni vidonda kwenye utumbo mpana, ugonjwa wa kudumu, kinga ya mwili inajishambulia yenyewe. Hauambukizi. Haukuletwa na chakula cha mtu. Hautaisha kabisa ila unatulizwa. Akanipa vidonge. Mwezi wa kwanza mashavu yalivimba nikawa kama nimeumwa na nyuki, wa pili damu ikakata, wa tatu nikaanza kufungua zile pini kiunoni.

Nilifurahi, Mama. Nisidanganye. Nilikula hadi nikakumbuka nilivyokuwa.

Halafu nikaja Ekerenyo kupalilia kaburi lako, Kemunto akanikumbatia njiani, akanipapasa mikono na mabega kama mtu anayenunua ng'ombe. "Ona vile umenona!" akasema. "Si tulisema? Mwenyewe ameenda, na wewe umepona. Mungu si Athumani." Waliokuwa naye wakasema amina.

Amina, Mama! Juu ya mwili wangu! Nikaelewa kwamba sasa mimi ndiye ushahidi. Nilipokonda nilikushtaki, na nilipopona nikakufunga. Usinicheke kwa nilichofanya. Niliacha dawa. Nilifikiri, nikikonda tena na wewe uko kaburini, watajua hukuwa wewe. Siku kumi na tatu. Damu ikarudi na maumivu yake yote, mwanao akakuta vidonge chini ya mchele, akauliza, nikamweleza mpango wangu. Hajawahi kunipigia kelele tangu anioe, siku hiyo alipiga. "Unataka nizike wawili?" akasema. "Kama unataka kumsafisha mama yangu, una mdomo!"

Ninao. Alhamisi iliyopita niliutumia.

Nilikwenda kituo cha majani, palepale, saa ya kungoja lori. Kemunto alikuwepo. Wengi walikuwa walewale. Nilikaa juu ya kikapu cha mtu, nikaambiwa nitoke, nikatoka, nikasema nikiwa nimesimama. Nikasema nina ugonjwa wa utumbo. Nikasema nilikuwa nahara damu mara kumi kwa siku, na nilikuwa nakataa chakula cha mama mkwe wangu ili nisipite mbele ya baba mkwe kwenda chooni. Nikasema siku ile mliponiuliza nilinyamaza kwa aibu, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo. Nikasema ninameza vidonge sita kila siku na ndivyo vilivyoninenepesha. Nikavitoa mkobani, nikawaonyesha.

Wawili walicheka. Mmoja alifunika uso wa binti yake kwa leso, kana kwamba nimevua nguo. Bibi mmoja mzee alisema taratibu, "Yesu, na uji wake niliumwaga." Kemunto alisema labda nimelipwa niseme hivyo. Nikamwuliza, nimelipwa na maiti? Akabeba kikapu chake akasogea mwisho wa foleni. Sijui wangapi waliamini. Nilitaka niondoke nikiwa mwepesi, sikuwa mwepesi. Nilikuwa na joto la aibu kutoka kichwani hadi miguuni, na nilikuwa bado sijamwona Baba.

Habari ilimfikia kabla yangu. Asubuhi yake nikiwa nachuma majani kwenye safu za juu za shamba lenu, nikamsikia akikohoa nyuma ya migomba, kule kukohoa kwa kuonya kwamba yupo. Hakuja karibu. Alinipa mgongo, akatazama bonde, nami nikatazama majani, chinsoni ikakaa pale katikati yetu mpaka mwisho. Akasema, "Yale ulisema huko kituoni, nimesikia."

Nikasema, "Nisamehe, Baba."

Nikamsikia akivunja jani kavu la mgomba. Kisha akasema, "Ule mwaka wake wa mwisho, mimi nilikuwa nakula kwa Bosire."

Kwa shemeji yangu, Mama. Nyumba ya tatu kutoka jiko lako.

"Nilimwambia kwamba daktari amenikataza wimbi," akasema. "Hakuna daktari."

Kisha akashuka polepole, mkono mmoja ukishika migomba.

Kwa hivyo sikukunyima kanisa peke yake, wala majirani peke yao. Nilifika hadi mezani kwako, nikakuondolea mume. Uliamini kwamba mzee wako anaumwa. Mke wa Bosire ameniambia ulikuwa unamwombea tumbo lake kila jioni, kwa sauti, ukiwa peke yako ndani.

Sina la kujitetea. Nitameza dawa, kwa sababu mwanao na Kwamboka wananihitaji. Nitanenepa. Na kila atakayenisifu mwili, njiani, sokoni, kwenye mizani, nitamtajia ugonjwa wangu na nitamtajia jina lako, hata akiziba masikio. Sabato ijayo nitasimama kanisani. Baba ametuma neno kwamba atasimama pia, upande wa wanaume, aseme lake.

Pumzika, Mama. Ulikuwa safi wa mikono na moyo, na tulikuacha ukala peke yako.

Mke wa mwanao,
Mama Kwamboka