Kiapo Changu na Meli ya Marehemu

Jumanne usiku, mtaa wa Pipeline

Wamelifuta tena neno letu. Zuhura, mjukuu wangu, huandika habari za meli za kivita katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ambako wahariri hukagua kila neno. Safari hii aliandika kwamba meli ambamo babu yake alikuwa mpishi iliwahi kubeba mahindi ya kuwalisha watu wenye njaa. Palipotakiwa chanzo nikamwambia aandike, "Nyanya ameapa." Naye akaandika, masikini!

"Nyanya, wanataka kitabu au gazeti. Nikirudia watanifungia nisiandike tena."

"Hawana adabu! Mimi nasema wallahi, wao wananidai gazeti?"

Alicheka kidogo tu. Uandishi huo ndio raha yake, na mimi ndiye ninayemharibia.

Sasa usingizi umenikataa. Marehemu mume wangu alinisimulia habari za mahindi, hilo nina hakika nalo. Lakini jina la meli... alinitajia yeye, au nililisikia kwa Zuhura akinisomea simu yake?

Nimeapa, na sijui.

Asubuhi, kabla hata ya chai, nitamwambia asilirudishe neno hilo. Kwamba hao watu walifanya vyema kuuliza, hilo sitamwambia.