Vijiti vya Evon Kando ya Uwanja wa Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI
KITUO CHA POLISI, KIJIJI CHA INGRIRUAQ, ALASKA

Jina: Feodora Wassillie
Umri: Miaka 58
Kazi: Mpokeaji wa ndege na mizigo
Makazi: Ingriruaq, nyuma ya kanisa

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Askari Moses Alexie, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, lakini leo namwita afande.

Mnamo tarehe 14 Januari, saa tano asubuhi, jua ndiyo kwanza linajikokota, nilimpeleka Agafia uwanjani kwa pikipiki ya theluji. Ni binti wa kaka yangu Evon. Ana mimba ya miezi minane na presha imepanda. Kwetu wajawazito huenda kungojea siku zao mjini, na mjini hufiki ila kwa ndege.

Ukungu ulikuwa mzito. Chini kweupe, juu kweupe, hata kivuli changu sikukiona. Nikamwuliza rubani, Garrett, "Wewe, utaona nini huko?"

Akacheka. "Mama Feodora, naviona vijiti vyenu upande wangu huu wa kushoto. Vinanitosha."

Taa za uwanja zilifukiwa na dhoruba ya Krismasi. Tangu hapo tumechomeka vijiti vya mierebi kando zote mbili, na marubani huvifuata.

Nilimfunga Agafia mkanda, nikampa samaki mkavu wa njiani. Akasema, "Shangazi, unataka ninenepe kuliko hivi?" Mlango ukafungwa.

Ndege ikaondoka kwa kasi, ikamezwa na ukungu. Nikawa naisikia tu. Mngurumo ukahamia kushoto. Nikajiuliza, mbona kushoto? Kikaja kishindo, halafu kimya. Kimya kile, afande, nisikisikie tena maishani.

Nilikimbia. Ndege ilikuwa nje ya uwanja, pua chini, bawa moja limevunjika. Garrett alivunjika mfupa wa bega. Agafia alikuwa amelikumbatia tumbo. Akaniambia, "Anacheza, shangazi. Mtoto anacheza." Nililia. Liandike hilo, usione haya.

Haikufika saa nane, kijiji kizima kilikuwa kimeshahukumu: rubani alikuwa amelewa. Mimi nilisimama naye uso kwa uso, na pumzi yake ilinuka kahawa basi. Nesi wa zahanati akasema Agafia lazima aondoke na ndege ya kesho, presha haingoji. Agafia akagoma. "Sipandi ndege yoyote mpaka mtu aniambie ile ilikwenda kushoto kwa nini."

Mimi ni mdadisi, nani asiyejua? Marehemu mume wangu alisema pua yangu hufika mahali kabla ya miguu. Nikafuata alama za magurudumu. Zilikwenda sambamba na vijiti vya kushoto, kisha zikapinda polepole, bila kuyumba. Mtu aliyepotea haendi hivyo. Alikuwa anafuata kitu. Nikainua macho, ndipo nikaona. Vijiti vyetu viliendelea mbele, ila theluji imevifunika hadi ncha. Na papo hapo ilianza safu nyingine ya vijiti, vipya, virefu, vikielekea mtoni.

Nikaenda kwa Evon. "Vile vijiti ni vya nani?"

"Vyangu. Jana jioni maji yalipanda juu ya barafu mtoni, pale tunapovukia. Nikahamisha njia ya pikipiki, watu wavukie palipo imara."

Kwetu anayeona barafu mbaya huchomeka vijiti kabla hata ya kunywa chai. Haombi ruhusa kwa mtu. Usiku ule watu walipita hapo salama kwa sababu yake.

"Na mbona umeanzia uwanjani?"

"Si ndiko tunakopita wote, dada?" Kisha akaelewa. Mtu mzima yule akakaa kitako kwenye theluji. "Loo! Ni mimi niliyemwangusha mwanangu."

Nilimhurumia, lakini nikamwambia, "Inuka. Kulia hakung'oi kijiti."

Nikamweleza Agafia yote. Akasema, "Basi nitapanda. Lakini mwambieni baba aving'oe."

Sasa nimekwama, afande. Wewe mwenyewe umezungushia utepe na kukataza mtu asiguse chochote mpaka wachunguzi waje. Wachunguzi wanakuja na ndege hiyo hiyo itakayomchukua Agafia, na ukungu bado upo. Nauliza tu: kesho rubani atafuata vijiti gani? Na vikitolewa, wa pikipiki watajuaje pa kugeukia wasiingie kwenye barafu mbaya?

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, ni kweli tupu, na kama kuna neno limezidi, basi ni la umri wangu.

Sahihi: F. Wassillie

Maelezo ya askari: Shahidi amesaini mbele yangu saa kumi na mbili jioni. Nimepiga picha eneo lote, kisha vijiti vya mwanzo vya njia ya mtoni nimeving'oa kwa mkono wangu na kuvichomeka uwanjani, pale vya zamani vilipofukiwa. Evon Wassillie ameomba asimame pale na tochi awaonyeshe njia wenye pikipiki, mpaka ndege itakapoondoka na binti yake. Nimemruhusu. Ameshakwenda.

M. Alexie, Askari