Kiti cha Nyuma

Jumanne, Mkange

Tope limenikaukia miguuni na sijaweza kuoga.

Nilipohamishiwa shule ya hapa nilikuja na kigari changu. Bagamoyo mjini karibu kila mwalimu anacho. Huku wana pikipiki, na mwenye uwezo ana Landrova kuukuu. Jirani yangu, Mzee Pazi, aliniambia mapema: "Mwalimu, gari hili liko chini mno. Masika halitoki." Nikaona ananidharau.

Leo asubuhi binti yake, Mwajuma, alishikwa na uchungu. Pikipiki ilishafika mlangoni. Mimi ndiye niliyesema mwenye uchungu hapandi pikipiki, aje alale kiti cha nyuma. Wakanisikiliza, kwa sababu ni mwalimu.

Pikipiki ikaondoka. Sisi tukakwama hata nusu ya njia hatujafika. Tulisukuma, tukasukuma. Mtoto akazaliwa humo humo garini. Hakulia.

Mwajuma yuko hai. Namshukuru Mungu, ila nashindwa kulisema kwa sauti.

Jioni Mzee Pazi alikuja na jembe, tukalichimbua gari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Hakunilaumu. Aliniomba tu nisiliegeshe tena mahali ambapo Mwajuma ataliona.